Najifunza kuogelea kwa ajili ya mwani, au kwa ajili ya simu?

BintiBamvua (Paje)
Asalaam aleikum jamani. Nna miaka 34, mzaliwa wa Paje. Mama yangu ni katika wanawake wa mwanzo kufunga mwani hapa kwetu mwaka 1989, na mimi nimekulia kwenye kamba na tai-tai, vile vijikamba vya kufungia mbegu. Lakini kuogelea sijui. Wengi wetu hatujui. Siku za bamvua maji yakipwa tunashuka, tunafanya kazi maji yako magotini, yakianza kujaa tunapanda.

Kilichonisukuma ni kotonii, aina ya mwani. Bei yake inaishinda spinosam, aina nyingine, ila haivumilii joto, na maji ya huku kwenye kina kifupi yamekuwa moto. Unafunga mbegu nzuri, baada ya wiki mbili tatu inapauka, inakatika, unabaki na kamba tupu. Inataka maji ya kina yaliyopoa, na huko huwezi kusimama. Basi mwezi wa nane nikaweka nia: nijifunze kuogelea, nifunge kamba kumi za kuelea kabla kaskazi haijaingia.

Huku nyuma pesa ya kula naipata kwenye sabuni ya mwani na mafuta ya nazi, nauza Instagram na WhatsApp. Nilikuwa na wafuasi 800. Nikaweka video ya siku yangu ya kwanza majini: nimekumbatia dumu tupu la lita tano, napiga miguu, nguo zote zimenivimba. Wiki ile ile wakafika 6,000, na oda za sabuni 62. Zilizokuwa tayari ni 40. Zilizobaki zina siku nane tu tangu nizimimine, na sabuni yangu inataka wiki nne mpaka sita kukomaa.

Sasa Jumanne nimeelea bila dumu kwa mara ya kwanza. Nilisikia masikio yamejaa maji na mbingu iko juu yangu, nikajua nimeweza. Mdogo wangu akanipigia kelele kuwa simu haikurekodi, nirudie. Nikarudia. Mwanga haukuwa mzuri, nikarudia tena. Mara ya tatu nilishachoka, wimbi likanipiga usoni, nikanywa maji, mwalimu wangu akanivuta kwa mtandio. Usiku sikulala. Mara ile ya kwanza niliogelea, hizo mbili za baadaye nilikuwa naigiza, na ndizo zilizotaka kunimaliza.

Nisimamishe video mpaka nijue kuogelea? Nikinyamaza wateja watakwenda, na bila wateja sinunui kamba. Na hawa 22 niwafanyeje? Kuna mtu kaniambia niwatumie tu hizo za siku nane, hawatajua.

MamaAchari (Mombasa)
Waaleikum salaam mwanangu. Nianze na hao 22, maana hilo haliwezi kungoja. Usiwatumie! Sabuni mbichi huweza kuwasha ngozi, na ikifika bafuni huyeyuka kama uji. Mimi nauza achari ya embe. Ramadhani moja oda zilinizidi, nikafunga chupa kabla achari haijakaa sawasawa. Zikafura njiani, vifuniko vikaruka, mafuta yakaharibu kanzu ya mtu. Nilirudisha pesa za chupa tisa, na mmoja wa wale tisa alikuwa akininunulia tangu naanza. Hakurudi mpaka leo.

Waandikie mmoja mmoja, kwa jina, uwape tarehe. Asiyetaka kungoja mrudishie pesa yake siku hiyo hiyo. Na kuanzia sasa andika kwenye kila kipande siku uliyokimimina.

Mstaafu_wa_Ngalawa (Jambiani)
Binti, la biashara wenzangu watakujibu. Mimi nazungumzia maji.

Kwanza, ukiwa majini hakuna kurudia. Simu ikae ufukweni juu ya kijiti, ikikupata sawa, isipokupata basi. Anayekwambia toka ni mwalimu wako, na mwenye simu hana amri yoyote. Pili, jifunze siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Bamvua inafaa kwa kamba za magotini, lakini yakipwa mkondo huvuta kuelekea mlango wa mwamba, na mgeni wa maji harudi.

La tatu ndilo kubwa, naona hakuna aliyekwambia. Huko kwenye kina hutavuka bahari, utafunga kamba. Kuelea chali hakukutoshi. Jifunze kukaa wima, miguu ikifanya kazi chini, mikono yote miwili iwe huru. Chukua kipande cha kamba na tai-tai, funga mafundo hapo hapo mwalimu akiwa pembeni. Siku utakayofunga ishirini bila kugusa mchanga, uko tayari. Na jaketi la kuokolea livae hata ukishajua.

Zuwena_Muscat
Mimi ni katika hao 22! Dada, nilikufuata kwa lile dumu, kweli, lakini nimenunua kwa sababu ulisema unataka kamba kumi. Naweza kungoja. Ukiwa huna video ya kuogelea, tuonyeshe hiyo kotonii inavyopauka. Bibi yangu alitoka Makunduchi na sijawahi kuona mwani ukiwa hai.

BintiBamvua (Paje)
Nimewaandikia wote. Kumi na tisa wanangoja, wawili nimewarudishia pesa, mmoja hajajibu. Zuwena, nimekupigia picha mbegu mbili, moja ya kahawia nzima, moja imeshaanza weupe kwenye vidole. Nitaiweka leo usiku.

Mzee wangu wa Jambiani, shikamoo. Asubuhi nimeingia na kamba ya mkono mmoja na tai-tai ishirini kiunoni, simu nimeiacha nyumbani. Kukaa wima kunachosha mapaja kuliko nilivyodhani, na vidole vikilowa huwa havisikii fundo. Nimefunga manne. La tano liliniponyoka, nikagusa mchanga. Maji mafu yana siku mbili zaidi, kesho alfajiri nashuka tena.