Corolla 110 (5A-FE) inamisi (silinda zinakosa kuwaka): nibadilishe plagi peke yake au na waya zake?

Racheti_Mpya
Wakuu, habari za majukumu. Gari ni Corolla AE110, injini 5A-FE, ile yenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi). Ikipanda mlima na gia kubwa inakatakata, na asubuhi za mvua inatetemeka kwenye silensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) mpaka ipate moto. Plagi zilizomo zimepita km 30,000. Nataka kufanya kazi hii mwenyewe nyumbani. Nichukue plagi za namba gani? Waya nazo nitupe, au zinapimika? Halafu shimo la plagi ya silinda ya 3 lina mafuta ya injini, hilo nalo linahusika?

Mzee_wa_Spana
Linahusika sana mkuu, na ndipo pa kuanzia. Hayo mafuta hayapandi kutoka kwenye silinda. Yanashuka kutoka juu, kwenye sili za mpira zinazozunguka mabomba ya plagi chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini). Sili zikikauka kwa joto, mafuta yanajaa shimoni, mpira wa waya unalainika na kuvimba, kisha umeme unapita nje ya kauri kwenda kwenye bodi badala ya kuruka nchani. Ukichomoa plagi ukaona mstari mweusi mwembamba kama wa penseli juu ya kauri, hapo ndipo umeme ulipokuwa unatorokea. Weka plagi mpya bila kubadilisha sili, misi itarudi.

Kazi yenyewe ifanye injini ikiwa baridi kabisa. Silinda hedi ni ya aluminiamu. Ukilazimisha plagi ikiwa ya moto unaweza kutoka na meno ya hedi. Weka alama kwenye waya kabla hujagusa chochote: silinda ya 1 ni ya upande wa mikanda, ya 4 ni ya upande wa gia boksi, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Chomoa kwa kushika kofia ya mpira huku ukiizungusha kidogo kulia na kushoto. Ukivuta waya wenyewe unakata kaboni iliyo ndani, na kwa nje hutaona chochote.

Kabla ya kulegeza plagi, puliza mashimo kwa upepo wa kompresa, na lile lenye mafuta likaushe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi ndefu. Mchanga ukiangukia kwenye silinda ni habari nyingine kabisa. Boksi ya plagi ni namba 16, yenye mpira au sumaku ndani, pamoja na ekstensheni ndefu.

Kurudisha: anza kwa mkono tu. Chomeka kauri ya plagi kwenye kipande cha mpira wa petroli, uishushe shimoni na kuizungusha kwa vidole. Ikienda mshazari, mpira utateleza kabla meno hayajaharibika. Ikishakaa, kaza kwa Nm 18. Kama huna spana ya kupima nguvu, plagi mpya yenye washa (pete ya chuma chini ya kichwa) izungushe nusu mzunguko hadi theluthi mbili baada ya kugusa. Ya zamani unayoirudisha inataka kidogo mno, kama moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kwa sababu washa yake imeshabanwa.

Gepu_Sahihi
Namba ya plagi isome kwenye zile ulizozitoa, kisha ulinganishe na kitabu cha gari, maana huwezi kujua aliyekutangulia aliweka nini. Kwenye NGK BKR5E-11, BK ni meno ya mm 14 na kichwa cha 16, R ni ya kuzuia kelele za redio, 5 ni daraja la joto, E ni urefu wa meno mm 19, na -11 ni gepu (nafasi cheche inaporuka nchani) ya mm 1.1. Mwenzake wa Denso ni K16R-U11. Kama kitabu kinataka gepu ndogo zaidi, chukua isiyo na -11. Hata plagi mpya ipime kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), zinaanguka dukani.

Angalizo: NGK na Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, Bosch ni kinyume. Wengi wanakosea hapo wakibadili kampuni.

Usizitupe za zamani kabla hujazisoma. Panga nne kwa mpangilio wa silinda. Kahawia ya kufifia ni nzima. Masizi makavu meusi kwenye zote ni petroli nyingi au eya klina iliyoziba. Moja tu ikiwa imelowa mafuta upande wa ncha, hapo ni ringi au sili za valvu, na hizo sili za tapeti kava hazitakusaidia. Nyeupe yenye vipele ni joto la kupita kiasi.

Racheti_Mpya
Nimewaelewa wakuu. Hapo kwenye waya je? Na kuna fundi anasema nipake grisi kwenye meno ya plagi, niweke na plagi za iridiamu (zenye ncha ya madini hayo) moja kwa moja.

Umeme_wa_Gari
Waya zinapimika. Weka multimeta kwenye kiloomu, pima mwisho hadi mwisho. Kikomo cha Toyota ni kiloomu 25 kwa kila waya. Mrefu utasoma zaidi ya mfupi, hilo ni kawaida. Tikisa waya ukiwa unapima: namba ikiruka au ikipotea, kaboni imekatika. Hata zikifaulu kipimo hicho, dalili yako ya asubuhi za mvua inaonyesha ganda linavujisha. Usiku washa injini gizani, puliza maji laini kama ukungu kando ya waya bila kushika kitu. Ukiona cheche za bluu, badilisha seti nzima, moja moja, mpya ukiilinganisha urefu na ile uliyotoa.

Fungua pia kofia ya distributa. Ukungu mweupe au kijani kwenye pini, ufa ndani ya kofia, au rota (kipande kinachozunguka ndani yake) iliyolika nchani huleta misi ile ile.

Kutafuta silinda mbovu kwa kuchomoa waya injini ikiwaka kunazoeleka, lakini acha. Umeme ukikosa njia unaweza kuua koili au ignita (vifaa vinavyotengeneza umeme wa plagi), na petroli mbichi inaenda kwenye katalaiza (kisafisha moshi cha ekzosi). Chomoa soketi ya injekta (kipuliza petroli cha silinda) badala yake. Silinda isiyobadilisha mlio ndiyo mbovu.

Gepu_Sahihi
Grisi kwenye meno sishauri. Plagi za NGK zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, na meno yakiteleza, Nm 18 ile ile inakaza kupita kiasi. Grisi inayofaa ni ya silikoni, kidogo tu, ndani ya mdomo wa kofia ya mpira.

Iridiamu ni nzuri na inakaa muda mrefu, ila kwa injini hii plagi ya kawaida ya nikeli, ya kubadilisha kila km 20,000, inatosha. Kwanza maliza kuvuja kwa mafuta. Na iridiamu ya bei ya nikeli, mkuu, iache dukani.