Uzamivu katika sera za afya ya dunia: PhD au DrPH, na mtu aanzie wapi?

Mdadisi_Sera

Wakuu habari zenu. Naomba mwongozo kwa wanaoifahamu njia hii. Nina shahada ya uzamili ya afya ya umma, nataka kuendelea na uzamivu upande wa sera za afya ya dunia. Mada niliyonayo: "Athari za misaada ya kimataifa kwa mifumo ya afya ya nchi zenye kipato cha chini". Niliituma kwa wasimamizi wanne. Mmoja kanijibu kuwa ni pana mno, watatu kimya.

1. PhD na DrPH zinatofautiana nini hasa kwenye kazi yenyewe, achilia mbali jina?
2. Nitangulize chuo, msimamizi au ufadhili?
3. Mada nirekebishe vipi?

KalamuNyekundu

Nianze na la tatu, maana ndilo linalobeba hayo mengine. Huyo aliyekwambia ni pana mno kakufanyia hisani. Ulichoandika ni eneo tu, swali halijazaliwa. Misaada ipi: ya Mfuko wa Dunia (wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria), ya Gavi (ubia wa kimataifa wa chanjo), mikopo ya Benki ya Dunia, au fedha za serikali moja kwenda nyingine? Mfumo wa afya kwa maana ya watumishi, dawa, takwimu au bajeti? Na hizo athari utazipimaje wakati misaada mingi hupelekwa kule ambako hali ni mbaya tayari? Ukilinganisha nchi zinazopata na zisizopata bila kulishughulikia hilo, utakuta misaada "inasababisha" vifo. Mtahini wa takwimu hatahitaji hata dakika mbili kukunasa.

Ibane hivi. Chukua Gavi, iliyoanzishwa mwaka 2000. Nchi inayosaidiwa huchangia sehemu ya gharama za chanjo, na mchango huo hupanda kadiri pato la taifa kwa kila mtu linavyopanda, hadi nchi ijitegemee. Swali linajitokeza lenyewe: kwa nini nchi A ilitoa fedha za chanjo kwa wakati katika miaka ya mwisho ya msaada, ilhali nchi B yenye pato linalokaribiana na lake ilichelewesha? Hapo una kitendo kimoja, kipindi kinachojulikana, nchi mbili, na watu wa kuwaendea: wizara ya fedha, wizara ya afya, kamati ya bunge ya bajeti, ofisi za wabia wa maendeleo. Halafu angalia neno "kutoa". Kutenga fedha na kutoa fedha ni mambo mawili. Fungu linaweza kupita bungeni bila kelele, kisha hela isitoke hazina hadi robo ya mwisho ya mwaka. Mwanya huo peke yake ni sura nzima ya tasnifu.

Nadharia usiibandike mwishoni kama stempu. Pembetatu ya sera ya Walt na Gilson (1994), yaani maudhui, muktadha, mchakato na wahusika, ni nzuri kwa kupanga ulichokusanya, lakini haikuelezi kwa nini jambo limetokea sasa na si miaka mitano iliyopita. Anayeitumia peke yake huishia na orodha ndefu ya wahusika. Kwa swali la wakati, mikondo mitatu ya mwanasayansi wa siasa Kingdon (tatizo, suluhisho, siasa) inasaidia zaidi. Kama unauliza kwa nini suala fulani limepewa kipaumbele duniani na jingine likaachwa, angalia mfumo wa Shiffman na Smith wa 2007, uliojengwa kwa kuchunguza juhudi za uzazi salama. Moja inatosha, mbili ni mwisho.

Barua ya kwanza kwa msimamizi isizidi maneno 250. Sentensi ya kwanza iwe swali lako. Ya pili itaje makala yake moja na hoja mahususi unayotaka kuiendeleza au kuipinga. "Navutiwa sana na kazi zako" haisemi kitu. Kisha eleza data utaipata wapi na nani atakufungulia mlango, halafu hali ya ufadhili. Ambatisha andiko la kurasa mbili na wasifu wako. Akinyamaza, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha songa mbele. Na usitume barua ileile kwa walimu sita wa idara moja. Huwa wanaonyeshana.

Ngazi_ya_Tatu

La kwanza na la pili nitalibeba mimi.

PhD inakudai mchango mpya wa kielimu. DrPH, udaktari wa afya ya umma, inamlenga mtu atakayeongoza taasisi au programu: masomo ya darasani ni mengi zaidi kuliko PhD ya mtindo wa Uingereza, na tasnifu ni fupi. Ile ya London School of Hygiene and Tropical Medicine, kwa mfano, ina mradi wa kuchambua taasisi na sera kutoka ndani kabla hujafika kwenye tasnifu. Ukitaka kufundisha na kutafiti, PhD. Ukitaka kurudi wizarani au kwenye shirika la kimataifa, DrPH inafaa, ila kabla ya kujaza fomu uliza fedha: PhD za Marekani mara nyingi huja na ada iliyolipwa na posho, DrPH aghalabu unajilipia sehemu kubwa.

Mfumo wa nchi nao ni uamuzi. Marekani ni miaka minne hadi sita, karibu miwili ya mwanzo ni darasa na mtihani wa kuvuka, na unaomba programu kwanza. Maombi mengi hufungwa Desemba. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, huna darasa la kukuficha, kwa hiyo andiko na msimamizi ndivyo vinavyokuingiza. Uswidi nafasi ya uzamivu hutangazwa kama ajira, bila ada, sawa na miaka minne ya kazi kamili, na tasnifu kwa kawaida ni makala kadhaa zilizounganishwa na sura ya muhtasari. Hapo unaomba kazi kwenye mradi wa mtu, mada yako unaikunja iingie humo.

Kwa hiyo jibu la "nitangulize nini" hutegemea unakokwenda. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una dirisha la uzamivu, DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo) wanalo pia. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ni ya uzamili, usipoteze muda huko. Soma pia kama ufadhili unalipia kazi ya nyanjani: ada na posho vikilipwa halafu nauli, vibali na unukuzi (kuyaandika mahojiano yaliyorekodiwa) visilipwe, utakwama mwaka wa pili.

Tasnifu ya makala ina mtego mmoja. Jarida linaweza kukaa na makala yako miezi sita kisha likaikataa. Ya kwanza, kwa kawaida mapitio ya machapisho, itoke mikononi mwako ndani ya mwaka wa kwanza.

Mdadisi_Sera

Asanteni mno. Nimelibana: nchi mbili, chanjo, kipindi cha miaka sita. Sasa mahojiano: watu wangapi, na nitawezaje kuwahoji vigogo wa wizara wakanieleza kitu cha maana?

Bahasha_ya_Kaki

Panga 20 hadi 25 kwa kila nchi, na uwe na orodha ya mara mbili yake, maana wengine hawatajibu na wengine watakutuma kwa msaidizi. Kila saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuiandika neno kwa neno. Mahojiano 45 ya saa moja ni zaidi ya wiki nne za kazi ya kutwa hata kwa mwenye kasi, kabla hujaanza kuweka alama za maudhui.

Kibali cha maadili utahitaji cha chuo na cha kila nchi, na baadhi ya nchi zina kibali cha utafiti kando ya kile cha maadili. Vyote pamoja, weka miezi sita. Kinachorudisha maombi mara kwa mara ni fomu ya ridhaa isiyosema sauti itahifadhiwa wapi na kufutwa lini.

Kuhusu vigogo, usiulize "Je, wafadhili walishawishi uamuzi?" Utajibiwa kuwa uamuzi ulikuwa wa serikali, na kikao kimeisha. Uliza: "Rasimu ya kwanza aliiandika nani? Ilipofika mezani kwenu ilikuwa na kipengele gani ambacho baadaye kiliondolewa?" Swali la karatasi hujibika bila mtu kujiona anashtaki. Ukiwa umeshaisoma rasimu yenyewe, ndiyo kabisa. Kwa hiyo nyaraka kwanza, watu baadaye: hotuba za bajeti, ripoti za mkaguzi mkuu, kumbukumbu za vikao.

Usiri nao: ukiandika "afisa mwandamizi wa chanjo, wizara ya afya, nchi A", umeshamtaja, maana yupo mmoja tu. Andika "mtumishi wa serikali", na nukuu ambayo wenzake wataijua kwa maneno yake ifupishe kwa lugha yako.

KalamuNyekundu

Naongezea hapo kwenye data. Usiijenge tasnifu juu ya chanzo kimoja unachokipata kwa hisani ya mfadhili. Programu ya tafiti za DHS (tafiti za kaya kuhusu idadi ya watu na afya) ilitegemea fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, na zilipokatwa mapema 2025 wapo waliobaki na sura zisizo na takwimu mpya. Pakua mapema, hifadhi nakala yenye tarehe uliyopakua.

Kwa matumizi ya afya kwa nchi, tumia hifadhidata ya WHO ya matumizi ya afya duniani, ila soma maelezo ya kila safu: baadhi ya tarakimu ni makadirio, si hesabu zilizoripotiwa. Fedha za wahisani zipo kwenye mfumo wa kuripoti misaada wa OECD (jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi), na humo kuna safu mbili, ahadi na malipo. Wewe unauliza juu ya utoaji, basi chukua malipo. Nyaraka za Mkutano Mkuu wa Afya Duniani unaofanyika Mei kila mwaka zipo wazi kwenye hazina ya WHO iitwayo IRIS. Tafuta kwa namba ya azimio, ukitafuta kwa mada utazama.