MREJESHO: Gari lililokuwa zito kupanda mlima, nimebadilisha filta ya hewa

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu gari langu kuwa zito mlimani, kula mafuta na kuwasha taa ya injini. Nimerudi na majibu, na asanteni sana.

Nilianza na aliyesema nitoe filta ya hewa niimulike kwa tochi. Mwanga haukupenya kabisa! Mikunjo ilijaa vumbi, na chini ya boksi la filta kulikuwa na majani makavu. Nilishataka kuiosha kwa maji, mkanizuia kwamba filta ya karatasi haioshwi. Mliniokoa. Nikafuta boksi kwa kitambaa chenye unyevu, nikaweka mpya ya saizi ileile. Mara ya kwanza mpira wa pembeni haukukaa vizuri na klipu moja ikagoma kufunga, nikarudia. Hapo msiharakishe, vumbi likipita pembeni linaingia moja kwa moja kwenye injini.

Gari limechangamka, mlima linapanda bila kukanyagwa sana. Ila taa haikuzima. Nikafuata ushauri wa pili: kusafisha sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) kwa sprei yake maalumu, bila kuigusa, na kuiacha ikauke. Fundi akafuta kodi ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, na taa haijawaka tena wiki ya tatu sasa.

Mafuta bado linakula vilevile. Mmoja wenu alinitahadharisha kwamba kwenye injini za injekta (mafuta hupulizwa kwa kudhibitiwa na kompyuta, si kabureta) filta chafu hupunguza nguvu zaidi kuliko kuongeza ulaji, naona alisema kweli. Kesho naanza na plagi na upepo wa matairi.