Naomba ushauri: mashine pepe hazijiwashi seva ikiwaka upya

Ndugu wataalamu, nina seva ya nyumbani inayotumia mfumo endeshi wa Debian 12 na KVM (teknolojia ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), na diski za mashine pepe ziko kwenye kifaa kingine cha kuhifadhia data, kinachofikiwa kupitia NFS (njia ya kutumia folda za kifaa kingine kwenye mtandao). Umeme ukikatika na kurudi, mashine pepe hazijiwashi, kwa kuwa libvirt (programu inayosimamia mashine pepe) huanza kabla folda ya NFS haijaunganishwa. Nikiiunganisha kwa mkono, zote huwaka vizuri. Nimeongeza _netdev (chaguo linaloonyesha kuwa folda inahitaji mtandao) kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski na folda za kuunganishwa, bila mafanikio, na nina wasiwasi kwa sababu mojawapo ya mashine hizo hutunza picha za familia. Je, niweke RequiresMountsFor (mpangilio unaoifanya huduma ianze baada ya folda kuunganishwa) kwenye huduma ya libvirt? Na kwa kuwa kifaa hicho huchelewa kuwaka kuliko seva, nitaisubirishaje kwa usalama?