Hisa za kampuni ya makaa ya mawe inayosubiri kibali cha serikali: mwanahisa mdogo aangalie nini?

Ngazi_Tatu

Wakuu, habari za majukumu. Kuna kampuni zilizoorodheshwa sokoni zenye mradi mmoja tu wa makaa ya mawe. Upembuzi yakinifu umeshawasilishwa serikalini, mapato hakuna, na kila taarifa inasema mazungumzo yanaendelea vizuri. Tuchukue mfano: hisa milioni 50 sokoni, bei dola 0.06, matumizi ya ofisi, leseni na wataalamu dola milioni 1.2 kwa mwaka. Mwenye hisa 100,000 asome nini kwenye ripoti? Na kibali kikitoka, anafaidika yeye au waliokuja mwisho? Naomba hesabu, ile ya subira yavuta heri tunaijua. Nawasilisha.

Leja_Kuu

Mkuu, anza na fedha taslimu, kibali baadaye. Kampuni isiyo na mapato inaishi kwa kuuza hisa mpya, mara nyingi kwa watu wachache iliowachagua na kwa punguzo. Weka punguzo la 10%: bei ni 0.054, kwa hiyo kupata dola milioni 1.2 lazima zitoke hisa milioni 22.2. Kwa miaka mitatu ni milioni 66.7. Jumla inakuwa milioni 116.7, na zile 100,000 zilizokuwa 0.2% ya kampuni zimebaki 0.086%. Hapo nimeishikilia bei pale pale kwa hisani tu. Kwa kawaida hushuka, na ikishuka hisa mpya zinaongezeka zaidi.

Wanunuzi hao pia hupewa nyongeza: haki ya kununua hisa nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Ikiwa ni haki moja kwa kila hisa mbili walizonunua, ongeza milioni 33.3. Sasa ni hisa milioni 150 na fungu lako ni 0.067%, theluthi ya ulichoanza nacho, bila kuuza hata moja. Tena haki hizo hutumika bei ikipanda, yaani siku ile ile ya kibali unayoingojea. Hutaziona ukurasa wa mbele. Ziko nyuma kwenye maelezo ya hesabu, sehemu ya mtaji wa hisa, na hapo hapo utakuta hisa walizopewa wakurugenzi badala ya mshahara.

Kipimo cha haraka: gawa fedha taslimu kwa matumizi ya mwezi. Benki kukiwa na dola 300,000 na mwezi unakula 100,000, toleo jipya la hisa liko ndani ya miezi mitatu, na habari njema ikitangazwa wiki moja kabla yake usishangae. Tafuta pia mkopo wa mwanahisa mkubwa unaoweza kugeuzwa hisa. Huo ndio hubadilisha mwenye kampuni kimyakimya.

Mwamba_Chini

Kabla ya hesabu zaidi, "kibali" si karatasi moja. Kuna leseni ya utafutaji, leseni ya uchimbaji, cheti cha mazingira, kibali cha maji, haki ya ardhi na mpango wa fidia. Taarifa ikitaja kibali, uliza kipi, kinatolewa na nani, na leseni ya sasa inaisha lini. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau. Chini ya kanuni ya uhasibu ya IFRS 6, leseni ikiisha bila matarajio ya kuhuishwa ni dalili kwamba thamani ya mradi vitabuni ipimwe upya. Mradi ulioandikwa dola milioni 40 unaweza kufutwa kwa mstari mmoja wa ripoti. Soma pia mkaguzi anasemaje kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli.

Phulbari, kaskazini-magharibi mwa Bangladesh, ni darasa tosha. Mashapo ni tani milioni 572, na mpango wa mradi uliwasilishwa serikalini mwaka 2005. Agosti 2006 waandamanaji walipigwa risasi, watatu wakafa. Mwaka 2024 kampuni yake, GCM Resources ya AIM, soko la kampuni ndogo la London, ilikuwa bado inasubiri. Makaa yenyewe hayakuwa tatizo. Ni mgodi wa wazi katikati ya mashamba ya mpunga: maji ya chini ya ardhi lazima yapampiwe nje mfululizo ili shimo likauke, na kampuni yenyewe ilikadiria watu wapatao 40,000 wangehamishwa. Kwa mradi wa namna hii, soma sura ya maji na sura ya makazi kabla ya sura ya tani.

Na kibali kikitoka si mwisho. Mgodi wa Woodhouse huko Cumbria, Uingereza, ulipewa ruhusa Desemba 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaifuta, sababu kubwa ikiwa hewa chafu itakayotokana na kuchomwa kwa makaa hayo kutozingatiwa ipasavyo. Wanaotegemea kuishtaki serikali waisome kesi ya Churchill Mining dhidi ya Indonesia: leseni zilifutwa 2010, kampuni ikadai zaidi ya dola bilioni 1, na mwaka 2016 wasuluhishi wakaitupa kwa sababu hati za leseni zilikuwa za kughushi.

Ngazi_Tatu

Nimewaelewa. Tuseme basi kibali kimetoka na kimesimama. Hisa moja inastahili bei gani?

Leja_Kuu

Chukua thamani ya sasa ya mradi iliyo kwenye upembuzi, yaani faida ya miaka yote ijayo ikipunguzwa iwe kwa thamani ya fedha ya leo, tuseme dola milioni 200. Toa fungu la serikali. Tanzania, kwa mfano, tangu mabadiliko ya sheria ya 2017 huchukua si chini ya 16% bila kulipia, na fungu hilo halipunguzwi na hisa mpya. Inabaki milioni 168. Kampuni ya thamani ya milioni chache haiwezi kujenga mgodi, kwa hiyo ataitwa mbia mwenye fedha, naye hatakuja kwa kidogo. Akichukua 70%, zimebaki milioni 50.4. Gawa kwa hisa milioni 150: dola 0.336 kwa hisa.

Inapendeza, ila hiyo ni siku ya kibali. Leo zidisha kwa uwezekano wa kukipata. Ukiupa 10%, hisa ni 0.034, na soko linaiuza 0.06. Anayenunua kwa bei hiyo anaamini uwezekano ni karibu 18%, ajue asijue. Na ile milioni 200 ilipigwa kwa bei fulani ya makaa. Tafuta tarehe yake. Upembuzi wa miaka 10 nyuma una gharama za mitambo na dizeli ambazo hazipo tena duniani.

Kura_Moja

Niongezee upande wa kura, maana wengi huuacha. Kwa kampuni zilizosajiliwa Uingereza, sheria ya makampuni ya 2006 inawapa wanahisa waliopo haki ya kupewa hisa mpya kwanza zinapouzwa kwa fedha taslimu. Bodi ikitaka kuwaruka, kwa kawaida inahitaji azimio maalumu, 75% ya kura zilizopigwa. Maana yake 25.1% ya kura zilizopigwa inatosha kulizuia, na kwa kuwa wengi hawapigi kura, kiwango halisi cha hisa kinachohitajika ni kidogo kuliko inavyoonekana. Azimio hilo huwa karibu na mwisho wa ajenda ya mkutano mkuu wa mwaka, limeandikwa kama jambo la kawaida.

Wenye 5% ya kura wanaweza kuilazimisha bodi kuitisha mkutano: iuitishe ndani ya siku 21, ufanyike ndani ya siku 28 baada ya taarifa ya mwito. Kwa kampuni ya umma (si ya serikali, bali ile inayoruhusiwa kuuza hisa kwa watu wote), wanahisa 100 wenye kura, ambao kwa wastani kila mmoja hisa zake zimelipiwa pauni 100 au zaidi, wanaweza kuingiza azimio lao kwenye mkutano wa mwaka hata wasipofika 5%. Angalia, kinachohesabiwa ni thamani iliyoandikwa kwenye hisa yenyewe, bei ya sokoni haihusiki.

Kikwazo: hisa zako zikiwa kwenye akaunti ya pamoja ya dalali, daftari la wanahisa lina jina lake. Mwandikie akupigie kura, na usingoje siku ya mwisho ya kampuni, kwani dalali hufunga maelekezo yake siku kadhaa kabla. Ukitaka kuhesabiwa kati ya wale 100, omba barua yake ya kuthibitisha umiliki wako, au uhamishie hisa kwa jina lako. Uhamisho una ada, uliza kwanza.