Sindano au vidonge vya kupunguza uzito? Waliotumia, tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, habari za wakati huu. Nina kilo 104, presha imeanza kunisumbua, na daktari kaniambia nichague: sindano ya kila wiki au vidonge vya kila siku. Kanipa wiki mbili za kufikiria. Mliotumia dawa za kuandikiwa semeni ukweli. Wauza poda na majani ya kuyeyusha kitambi, uzi huu si wenu.

Naanza mimi. Miaka mitatu iliyopita niliandikiwa orlistati ya miligramu 120, kidonge kimoja kwa kila mlo. Dawa ile haigusi njaa. Inazuia utumbo usifyonze kama theluthi moja ya mafuta uliyokula, na yale mafuta lazima yatokee mahali. Siku ya nne, nikiwa kikaoni na suruali nyeupe, nikaachia hewa kidogo kwa siri. Haikuwa hewa. Nilibaki kwenye kiti nikijifanya nasoma makabrasha mpaka mtu wa mwisho akatoka, nikaondoka na koti nimelifunga kiunoni. Miezi sita, kilo nne. Hata hizo nadhani ni kwa sababu niliogopa chochote cha kukaanga.

Mdau wa 2
Pole mkuu, nimecheka peke yangu hadi nimeulizwa.

Mimi ni sindano, semaglutidi, dawa ya kukata njaa inayouzwa kwa jina la Wegovy, kila Ijumaa usiku. Mara ya kwanza nilikaa kitandani dakika ishirini, kalamu mkononi, tumbo wazi. Nilipoikandamiza ikalia "tk", nikadhani mbovu maana sikusikia kitu. Kazi haiko kwenye kuchoma, iko kwenye kupandisha dozi. Unaanza miligramu 0.25, kila wiki nne unapanda ngazi hadi 2.4. Nilipofika 1.7, siku mbili baada ya kila sindano nilikuwa nalala na ndoo pembeni, choo nacho kikagoma. Daktari akanirudisha 1 kwa mwezi mzima, tukapanda upya. Leo ni mwezi wa 14, kutoka kilo 98 nipo 83. Kilichonishangaza ni usiku: zamani nikizima taa nilikuwa naliwaza kabati la jikoni. Sasa nazima taa, nalala.

Mdau wa 3
Dawa hiyo hiyo ipo ya kumeza, nami naitumia kwa kuwa nina kisukari: inauzwa kwa jina la Rybelsus, miligramu 14 kila siku. Watu hudhani kidonge ndiyo njia nyepesi. Jamani! Unakimeza tumbo tupu, maji yasizidi mililita 120, kama nusu glasi, kisha dakika 30 bila chakula, bila kinywaji, bila dawa nyingine. Tumbo linaisaga kama linavyosaga chakula, inayofika kwenye damu ni chembe tu, ndiyo maana sisi tunameza 14 kila siku wakati wenzetu wanachoma 2.4 kwa wiki. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nakunywa glasi nzima halafu nalalamika dawa haifanyi kazi. Siku hizi kengele inalia saa kumi na moja alfajiri, nameza, narudi kulala. Na kichefuchefu kipo pale pale, msidanganyike kwamba ni cha sindano tu. Nimepungua kilo 7 kwa mwaka. Kwa uzito hasa, Marekani iliidhinisha kidonge cha Wegovy cha miligramu 25 Desemba 2025, hicho sijakijaribu.

Mdau wa 4
Mimi nilimeza fentermini, kidonge cha kukata njaa. Ya muda mfupi, wiki 12 basi. Njaa ilikata kweli, lakini saa nane usiku nilikuwa macho napanga nguo kwa rangi, moyo unadunda. Mleta mada, kwa presha yako wala usiiulizie.

Mdau wa 5
Akina dada wa vidonge vya majira, nisomeni hapa. Nachoma tirzepatidi, sindano nyingine ya kila wiki ya kupunguza uzito, inauzwa kwa jina la Zepbound. Mfamasia, si daktari, ndiye aliyeniambia kwamba dawa hii inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya majira, kwa hiyo nitumie kinga nyingine wiki nne za mwanzo, na wiki nne tena kila nikipandishiwa dozi. Nilikuwa nimeshachoma mara tatu. Wiki ile nilihesabu siku kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilisalimika.

Mdau wa 6
Mbona hakuna anayezungumzia kuacha? Nilipunguza kilo 19 kwa semaglutidi ya sindano, nikaona nimepona, nikaacha. Mwaka mmoja baadaye kilo 12 zimerudi. Nikajilaumu sana, kumbe hata kwenye utafiti wa watengenezaji, walioacha walirudisha kama theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka. Dawa ya presha watu wanameza miaka nenda rudi na hakuna anayewacheka. Hii kwa nini niliipokea kama dozi ya malaria, ukimaliza umemaliza? Ningeuliza hilo kwanza, sindano au kidonge baadaye.

Mleta mada
Mdau wa 6 umenigonga penyewe. Nayaandika yote haya nimpelekee daktari. Swali moja: mama mdogo aliwahi kufanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi ya shingo. Ina uhusiano?

Mdau wa 2
Mkuu, hilo ulitakiwa uanze nalo! Kuna aina moja, ya medula. Ikiwa ipo kwenye ukoo, semaglutidi na tirzepatidi huandikiwi, iwe ya kuchoma au ya kumeza.

Mleta mada
Nampigia mama sasa hivi.