Nembo ya kampuni ya viwanja: tuibakize kijani na njano?

MamaViwanja:
Wakuu, habari zenu. Mimi na kaka yangu tumesajili kampuni ya kuuza viwanja vilivyopimwa, tuko Mapinga na Kerege, upande wa Bagamoyo. Kijana wa stesheneri katuchorea nembo: mapaa matatu yamepandana, la katikati lina bomba la moshi, chini umelala ufunguo. Rangi ni kijani na njano, jina limeandikwa kwa dhahabu inayong'aa. Kaka kaipenda mno. Mimi moyo haujakubali, ila sina hoja ya kumpa. Mabango yanachapwa wiki ijayo. Naombeni ushauri, hasa wa rangi.

DalaliWaBoko:
Dada, kijani na njano zikikaa pamoja mteja anaona CCM kabla hajasoma jina. Asipoiona CCM ataiona Yanga. Mimi mwenyewe ni Yanga, lakini siwezi kumtaka shabiki wa Simba alipe milioni zake huku ana wasiwasi na rangi. Na msikimbilie nyekundu na nyeupe, hapo mmehamia Msimbazi.

FundiMabango:
Dada yangu, kazi yangu ni kuchapa mabango. Rangi nitaifikia, tuanze na mchoro.

Mnauza viwanja. Mteja wenu anaondoka na hati na bikoni zake nne, yaani zile nguzo fupi za zege za mipaka, hapewi paa wala ufunguo. Kwa nini nembo imuahidi nyumba? Hilo bomba la moshi ni la nchi za baridi, wanakowasha moto ndani ya nyumba; Kerege nani analo? Michoro hiyo inapatikana bure intaneti, na nimeshaichapa kwa kampuni nyingi. Yakisimama mabango matano njia ya Bagamoyo, mteja hajui lipi la nani. RE/MAX ya Marekani inauza nyumba, lakini tangu 1978 inajulikana kwa puto la kupaa lenye nyekundu, nyeupe na buluu. Hakuna paa pale, na watu wanaitambua.

Sasa rangi. Bango la fleksi, yaani turubai la plastiki, likikaa kwenye jua la Pwani, wino wa njano na ule mwekundu wa magenta ndio hutangulia kupauka. Kijani cha mashine ni sayani, yaani wino wa buluu, juu ya njano, kwa hiyo njano ikiondoka kijani chenu kinageuka kibuluu, na jina la dhahabu linafifia hadi halisomeki ukiwa kwenye daladala. Tena ule mng'ao upo kwenye simu tu. Mashine ya kawaida haina wino wa dhahabu, inachanganya njano, magenta na weusi kidogo, mnapata kahawia ya tope.

Nyekundu peke yake nayo siipendi kwenye biashara ya ardhi. Watu wameshaona alama ya X nyekundu kwenye nyumba zinazosubiri kubomolewa, na ukutani wamesoma "nyumba hii haiuzwi" kwa rangi hiyohiyo.

Fanya hivi leo: chapa nembo kwa nyeusi tupu, iwe ndogo kama sarafu. Hivyo ndivyo itakavyokaa kwenye muhuri wa mkataba. Mapaa matatu na ufunguo vitakuwa doa. Mimi ningechora pembe nne za kiwanja, kila pembe ina bikoni, umbo limepinda kidogo kama viwanja vyenyewe vilivyo. Buluu iliyokolea juu ya nyeupe. Rangi moja itawapunguzia na gharama ya fulana, maana kila rangi inadai fremu yake ya kuchapia.

KaramuYaSheria:
Naongeza moja. Kusajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakulindi nembo. Inasajiliwa peke yake kama alama ya huduma, daraja la 36 lenye huduma za ardhi na majengo, kwa miaka 7 ya kwanza, kisha mnahuisha kila miaka 10. Zanzibar ni usajili mwingine. Na kijana awape faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika, si picha ya WhatsApp.

MamaViwanja:
Asanteni sana. Nimechapa kwa nyeusi nikamwonyesha kaka, ufunguo hakuuona kabisa. Uchapaji tumesimamisha. Anauliza: jina tuliweke ndani ya kiwanja, katikati ya bikoni?

FundiMabango:
Hapana, liweke chini. Kwenye duara la picha ya WhatsApp herufi za ndani hazitasomeka, pale ziachieni bikoni peke yake. Na kabla ya mabango yote, chapisheni moja, mlisimamishe barabarani, kaka alisome akiwa ndani ya gari.